Nilivyokikuza Kikundi cha Mpepai

Nilipofika Mpepai mara ya kwanza, wanawake wale hawakuwa na jina la kikundi, wala hawakujua kwamba wanachofanya kinaitwa uanaharakati. Mume akifa, ndugu zake wakaanza kumsumbua mjane juu ya shamba, wao waliamka alfajiri, wakabeba majembe, wakaenda kulima shamba lile pamoja naye. Hawakumtukana mtu. Shemeji akija alikuta migongo ishirini imeinama, mjane yuko katikati. Wengi waligeuza njia.

Aliyelianzisha jambo hilo alikuwa mama mmoja wa makamo, mkulima wa kahawa, ambaye naye alinyang'anywa shamba alipofiwa. Hakujua kusoma. Mimi nilitumwa na shirika dogo la Mbinga mjini, kazi yangu kuvisaidia vikundi vikue.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kulima?"

"Nimekuja kuwajengea uwezo."

Alicheka. "Uwezo upi? Majembe tunayo."

Nami nilicheka, nikiona ni ushamba. Ndani ya miezi michache nilikuwa nimewaandikia katiba. Kifungu cha mwenyekiti kujua kusoma na kuandika nilikinakili kutoka katiba ya kikundi kingine, bila hata kufikiri kinamgusa nani. Wakamchagua mwalimu mstaafu, mwanamke mwema tu, na yule mama tukampa cheo cha mlezi. Kisha tukafungua matawi Mbaha na Liuli, huko chini ziwani. Wakubwa zangu walikuja na kamera. Nilisimama mbele nikaeleza jinsi tulivyoanza. Nilisema "tulivyoanza".

Asubuhi moja nilikuwa nawafundisha kupanga mikakati, katika darasa tuliloazima, pale mlezi alipoingia akihema.

"Mwenzetu wa Mbaha wanamtoa shambani. Wameshamtolea vyombo nje. Twendeni."

Wanawake wakaanza kuinuka. Mwenyekiti akanitazama mimi. Wote wakanitazama.

Ningeweza kusema neno moja tu, twendeni. Nikasema, "Mama, tuna utaratibu sasa. Barua ije kwanza, kamati ikae."

"Kamati ikae," alirudia polepole. "Na yeye akae wapi?"

Walioinuka wakaketi tena, mmoja mmoja, wakizikwepa nyuso zetu. Akaondoka na wawili tu, wakashuka kwa pikipiki hadi Mbaha.

Watu watatu si ishirini. Mashemeji waliwacheka, na yule mama alipoingia shambani akaanza kulima, mmoja wao alimsukuma akaangukia mawe. Mkono wa kulia ukavunjika juu ya kiganja. Kamati ilikaa Alhamisi na kuazimia kulaani kitendo kile. Tamko nililichapa mimi. Wakati huo mjane alikuwa amekwisha kurudi kwao na watoto wake, na mashemeji wanapanda muhogo shambani.

Katika taarifa yangu ya robo mwaka niliandika kwamba kikundi kimepanua wigo wake hadi mwambao wa ziwa. Haukuwa uongo. Nilipongezwa, na wenzangu wa wilaya nyingine wakaletwa kujifunza kwangu.

Nilikwenda kumwona yule mama baada ya wiki tatu. Alikuwa barazani anapukuchua mahindi kwa mkono wa kushoto, gunzi amelibana kwa goti. Nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulikuwa unafanya kazi yako," alisema.

Angenitukana ningepumua. Nikanyoosha mkono nichukue gunzi nimsaidie.

"Acha, mwanangu. Utaniharibia mpangilio."

Nikakaa kwenye kigoda, mikono mapajani kama mgeni wa msibani, mpaka akamaliza ungo mzima.

Mkono uliunga vibaya, na jembe hakulishika tena sawasawa. Kikundi kipo bado. Msimu uliofuata wajane wawili wa Mpepai hapohapo walipoteza mashamba, na hakuna aliyekwenda kulima nao. Mmoja alikuwa ameandika barua na kuambiwa asubiri. Mimi niliacha kazi ile mwaka uliofuata. Watu hudhani niliiacha kwa uchungu. Mkataba uliisha tu, na kama wangeniongezea mwingine, ningesaini.