Bonde pekee ambako mke wangu aliweza kupanda baiskeli, na siku malori yalipolifikia

Wakuu, salamu kutoka Likasi, Katanga.

Mimi hapa ni msomaji wa kimya, sijawahi kufungua uzi. Leo nimeshindwa kukaa na hili peke yangu. Sitatia chumvi, maana hata bila chumvi limenikaa kooni.

Mtanisamehe Kiswahili changu. Huku kwetu tunakichanganya na Kifaransa, na maneno ya watu nitayaandika walivyoyasema; mkiona "ba" mahali pa "wa", ndivyo tunavyosema.

Tunaishi mtaa wa Panda, kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi wa kiwanda. Mimi ni fundi umeme. Mke wangu, Mama Merveille, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Binti yetu Merveille anasoma Lubumbashi.

Asubuhi moja mke wangu alikuwa anaenda sokoni kwa baiskeli. Mdogo wake Solange alikuwa amekaa nyuma, kwenye kiti cha mizigo, anacheka. Lori la madini likawapita kwa karibu sana, tela likamnasa Solange.

Mke wangu alianguka upande wa majani, akachubuka magoti tu. Solange alifia pale pale barabarani.

Sitaandika zaidi ya hapo kuhusu siku ile.

Baada ya mazishi mke wangu akaacha kazi, akaacha kwenda misa, akaacha kutoka hata uani. Nyumba yetu haiko mbali na barabara kuu, na malori ya kwenda na kutoka Kolwezi hayana mapumziko. Kila breki ya upepo ikilia, anaziba masikio. Bukari, yaani ugali, anaimega, anaiacha sahanini inapoa.

Tulienda hospitali, wakampa dawa za usingizi. Tulienda kwa watu wa maombi, wakamwombea. Alirudi vile vile.

Sasa wakuu, siku moja nikiwa navaa viatu, akaniambia kitu ambacho sikukitegemea.

"Papa Merveille, minye ninataka kupanda kinga."

Kinga ndiyo baiskeli huku kwetu, kamio ndiyo lori, na minye ni mimi. Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamuuliza, "Kinga? Mu njila ya makamio?"

"Hapana. Fasi yenye gari haipite. Nikiacha vile, Solange atabakia chini mu ile barabara siku zote."

Nilitoka nje nikalia kidogo. Halafu nikaanza kutafuta.

Niliuliza wachuuzi wa makala, yaani mkaa, wao ndio wanajua njia zote za porini. Wakanielekeza bonde moja la kijito kinachoteremka kuelekea mto Lufira. Jina lake nalihifadhi. Unapita nyuma ya mitambo ya zamani, unavuka reli, unashuka kwenye njia ya changarawe nyekundu. Zamani sana ilikuwa njia ya gari, daraja lake likavunjika na watu wakaisahau.

Nilinunua baiskeli mbili za mitumba, zile za matairi mapana yenye meno. Nasikia Wazungu wana mchezo mzima wa kuendesha kwenye njia kama hizo, wanauita gravel. Kwetu haukuwa mchezo.

Safari ya kwanza, njia nzima ya kwenda hakupanda. Aliisukuma baiskeli mpaka kwenye kijito, ameukumbatia usukani kama mtu anayembeba mgonjwa.

Pale kwenye kijito kulikuwa na daraja la magogo. Alilitengeneza mkulima mmoja, Papa Kalenga, mtu mrefu mwenye shamba la nyanya na sombe, yaani kisamvu, pembeni ya maji, na mitego yake ya samaki. Alituona, akaacha jembe akaja.

"Karibuni. Kinga iliharibika?"

Mke wangu akatikisa kichwa. "Haikuharibika, papa. Minye ndiye niko naogopa."

Papa Kalenga hakuuliza anaogopa nini. Akamwambia, "Panda basi. Huku utakutana na mbuzi tu, na mbuzi yangu iko na heshima."

Wakuu, mke wangu alicheka. Nilikuwa nimesahau sauti ile. Akapanda. Akaenda hadi kwenye kichuguu kikubwa, akageuka, akarudi anahema, machozi yanamtoka.

Tangu siku ile Jumamosi zetu zote zilikuwa za bondeni.

Nataka niwaeleze palivyokuwa, ili mjue kilichopotea. Miti imefunika njia, jua linapita kwa vipande vipande. Unasikia changarawe chini ya tairi, maji upande wa kushoto, ndege, basi. Msimu wa masuku, matunda ya porini, tulikuwa tunasimama tunaokota, tunakula mpaka midomo inanata. Mvua za kwanza zikinyesha, uyoga unatoka mkubwa kama mwavuli wa mtoto. Mke wangu alikuwa ananiacha nyuma kwenye miteremko, mimi napiga kelele "polepole!" na yeye hasikii.

Papa Kalenga alimpa jina, Madame wa Kinga. Mke wake alikuwa anatuwekea munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye kibuyu.

Na nyumbani mambo yakabadilika. Alianza kula. Akarudi misa. Siku moja nimetoka kazini nikamkuta anafundisha watoto wa jirani kusoma, uani, na lori limepita nje hakuinua kichwa. Merveille alipopiga simu mama yake akaongea naye mpaka salio likaisha. Nilikuwa naanza kuamini kwamba tumetoka.

Halafu tukaanza kuona miti imepakwa rangi ya bluu.

Nilimuuliza Papa Kalenga. Akasema, "Balikuya na gari, balipima-pima, balienda. Banasema chini ya shamba yangu iko mali."

"Banani?"

"Sijue. Hata chefu ya kijiji anasema hajue."

Jumamosi iliyofuata upande wa pili wa kijito miti ilikuwa imelala. Wachoma makala walikuwa wanaiwahi kabla ya mashine. Mke wangu alisimama akaangalia. Nikamwambia upande wetu bado upo. Akaitikia kwa kichwa.

Nifupishe.

Kazi ilinibana, tukakosa wiki chache. Tuliporudi, yeye alikuwa mbele kama kawaida, tunateremka. Mimi ndiye niliyegundua kwanza kwamba njia ni pana. Imelainishwa. Vichuguu havipo. Nikaanza kumwita asimame.

Lori lilitokea kwenye kona.

Halikumgusa, wakuu. Dereva alifunga breki mapema kabisa. Ila mke wangu alijitupa mtaroni na baiskeli yake, akajikunja, mikono juu ya kichwa, anaita jina la Solange. Anaita kwa nguvu, kama mtu anayemwita aliye mbali.

Dereva akashuka mbio. Kijana tu.

"Mama, nilikugonga? Mama, sema! Nilikugonga?"

Nikamwambia hajamgonga, ni ugonjwa wa zamani.

"Papa, sikujua kama batu banapitaka na kinga huku. Balinipatia hii njila jana tu. Mupande mu kamio, nibarudishe mpaka Panda."

Mke wangu aliposikia neno kamio akaanza kutambaa kuelekea porini. Kijana akaelewa. Akarudi kwenye lori lake, akazima injini. Malori mengine yakafika nyuma yake, yakapiga honi, watu wakamtukana. Yeye akasimama katikati ya njia, mikono ameinyoosha, akawakatalia kupita mpaka sisi tulipopotea machoni.

Sina kinyongo na kijana yule. Hilo nalo linanichosha, kwamba sina hata mtu wa kumchukia.

Tulirudi kwa miguu, kupitia majanini. Daraja la magogo halikuwepo, wameweka kalvati. Kijito kilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Shamba la nyanya liko chini ya kifusi.

Nilikwenda kwenye ofisi ya hiyo kampuni kuuliza kama watatuachia hata kipande cha njia upande wa juu. Mlinzi hakunikaripia. Alisikiliza yote, akasema, "Papa, hata minye nilizaliwa kule," akafunga geti.

Nilizunguka peke yangu kutafuta pengine. Upande wa Shinkolobwe, kwenye mgodi wa urani uliofungwa, hukatizi, na hata ukikatiza nani atampeleka mgonjwa wake pale? Upande wa Kamatanda ni pikipiki, vumbi na mashimo ya wachimbaji. Kila njia niliyoambiwa haina gari, nilikuta gari limeshafika au linakuja.

Mwezi uliopita nilikutana na Papa Kalenga mjini. Anauza mifuko ya plastiki sokoni, amekonda.

"Madame wa Kinga iko namna gani?"

Nikamjibu anaendelea vizuri. Akafurahi sana. Sikuweza kumwangalia.

Ukweli ni kwamba mke wangu sasa analala chumba cha nyuma, mlango umefungwa, redio inaunguruma bila stesheni ili asisikie nje. Watoto wa jirani walikuja na madaftari mara mbili tatu, wameacha. Juzi niliingia na chakula akaniambia kwa upole kabisa:

"Papa Merveille, acha kutafuta. Utachoka bure."

Somo nililopata, wakuu, sio zuri. Nilidhani mtu akipona amepona. Kumbe mwingine anapona mahali, na mahali pakiondolewa, anaondoka napo. Ningejua mapema, ningempeleka kila siku, kazi ningeiacha.

Msiniandikie pole, pole nimezipata nyingi. Walio Kambove, Lubudi, Mitwaba, hata ng'ambo ya mpaka Zambia: kuna anayejua njia ya changarawe ambayo gari halijafika? Isiwe ndefu. Iwe na miti, na maji yanayosikika.

Niko tayari kuhama. Nasoma kila jibu.