Keki Ikikatwa, Naondoka

Mpiga picha alikuwa binti mwenye kamera ya kuazima, uzoefu wa harusi mbili, na ulimi mzito wa kusema hapana. Shangazi wa bibi harusi aling'amua hilo mapema. Akaikata bei nusu, kisha akadai video, albamu, na picha ya kila mgeni.

"Mwanangu, wewe bado unajifunza. Sisi ndio tutakutangaza!"

Binti akamlilia mama yake, fundi cherehani. Mama hakuinua hata macho. "Mteja akipunguza hela, punguza kitambaa. Mshono usiuharibu."

Alipokutana tena na shangazi na ndugu wengine sebuleni kwa bibi harusi, binti akajikaza. "Sawa, shangazi. Kwa bei hiyo nitapiga mpaka keki ikatwe. Muziki ukianza, naondoka."

Shangazi akashika kiuno. "Na mimi nicheze bila picha? Na gauni nililoshonesha miezi miwili?"

"Utacheza tu, shangazi. Watu watasimulia."

Sebule nzima ikaangua kicheko, shangazi akiwashinda wote. "Kumbe kimya chako kina meno! Haya, chukua bei yako kamili. Lakini ole wako ukinikata kichwa!"

Binti akashuka ngazi mbili mbili, akicheka peke yake.