Chaza Chini ya Mtaa

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya udongo Ruiru, Mkuu wa Maabara alinipa chekeche na onyo moja: "Kamau, kinachopita ndicho udongo. Kinachobaki ni takataka, mwaga!" Nikamwaga mawe na mizizi ya mibuni miaka mingi, Ruiru kisha Thika, bila swali.

Halafu nikapelekwa Japani kwa mafunzo. Wacha niwaambie, vijana, moyo ulidunda! Profesa wetu, mzee aliyebakisha mwezi mmoja astaafu, alitufungulia kitabu cha kale cha wafalme wao, kilichoandikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kinasema mashua za mfalme wa kwanza zilipambana na mkondo mkali zikafika hadi chini ya mlima. Mlima upo mpaka leo. Lakini bahari iko mbali, na katikati ni nyumba, maduka na reli. Maprofesa wenzake walimcheka, eti hizo ni ngano. Yeye alishikilia kwamba hapo palikuwa na ghuba, mito ikaijaza matope. Alipewa kibali cha kutoboa shimo moja tu.

Tukatoboa. Udongo ukatoka ndani ya bomba, mrefu kama muwa, tukaupasua kwa urefu. Nusu ikawekwa stoo, nusu nikapewa nichekeche kwa maji. Nilifanya kazi kwa bidii, weee!

"Kamau-san, magamba yako wapi?" Profesa akauliza.

"Magamba gani, mwalimu?"

Akatazama ndoo yangu ya taka. Ngai! Magamba ya chaza wa maji ya chumvi, yote yamechanganyika, hakuna ajuaye lipi limetoka kina kipi. Nilikuwa nimevuruga ushahidi aliousubiri maisha yake yote. Nililia, sioni aibu kusema.

Mzee hakufoka. "Kuna nusu nyingine. Rudia. Ila sasa mwaga kinachopita."

Nikarudia kipande kwa kipande, kila kimoja nikikiandikia kina chake. Juu, matope ya mto. Chini yake, mchanga. Kisha chaza, mmoja bado amefumba, yaani aliishi na kufa papo hapo! Nikapiga kelele kwa Kikuyu bila kujua. Profesa akaja mbio, akaketi sakafuni na koti lake jeupe, akacheka huku machozi yakimtoka.

Sisemi mfalme yule aliishi kweli. Chaza hawajui wafalme. Lakini maji yalikuwepo, na watu waliyakumbuka.

Sasa nimestaafu, naishi Murera. Juzi vijana wawili waliniomba niwapimie udongo wa ploti yao kabla ya kujenga. Cucu jirani, bibi mzee wa hapa, alikuwa amewaambia kwamba pale alichota maji akiwa msichana, nao wakamcheka, maana sasa ni pakavu.

Nikavaa gambuti zangu za matope. "Twendeni kwa cucu kwanza," nikawaambia, "mumwombe msamaha, kisha atuonyeshe maji yalifika wapi."