Kuku Aliyetulaza Mbagala

Nilikuwa darasa la tano Wazungu walipohamia nyumba ya pili, ng'ambo ya michongoma yetu pale Kinondoni. Mtaa mzima ulishangaa. Wazungu tuliowajua walikaa Msasani, kwenye nyumba zenye upepo wa bahari na mbwa wakali. Hawa walikuja kukaa nasi, mahali ambapo maji ya bomba yalitoka yakijisikia. Baba wa familia alikuwa mwalimu wa chuo cha ufundi, mrefu kiasi kwamba akiingia kwetu alikunja shingo. Mkewe alikuwa mpole, mwenye haya, anayetabasamu kuliko kusema. Walikuwa na binti mmoja wa umri wangu, na huyo ndiye aliyetuunganisha. Siku ya pili tu alipenya kwenye michongoma kuja kutazama tunavyoruka kamba, akabaki mpaka magharibi.

Mwalimu alijifunza Kiswahili kwa bidii ya kutisha. Aliambiwa kwamba "shikamoo" ni neno la heshima, naye hakutaka kumnyima mtu yeyote heshima. Alimwamkia muuza mkaa, akawaamkia watoto wanaocheza gololi. Asubuhi moja alinikuta mie nimeshika ndoo, akainama mpaka usawa wangu.

"Shikamoo!"

"Marahaba," nikaitika kwa sauti nzito ya kibibi.

Mama alikuwa nyuma yangu. Sikio liliniwaka siku nzima.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa ametoka Lindi na kujenga Mbagala, kwenye kishamba chake cha mihogo na minazi. Aliposikia tuna majirani wa namna hiyo, alimsema baba. "Watu wametoka mwisho wa dunia, nyie mnawaangalia tu kwenye michongoma! Waleteni Jumapili nile nao chakula."

Mwalimu alifurahi, akajitolea kutupeleka na kigari chake. Tatizo lilikuwa moja. Siku hizo mafuta yalikuwa adimu, na magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani Jumapili ikishapita saa nane mchana. Baba alikuwa karani wa bandarini na muoga wa sheria kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Njia nzima alirudia, "Saa saba tuwe tumeshaaga." Mie sikumsikiliza. Nilikuwa nimebanwa nyuma, juu ya mapaja ya mama, nimetoa mkono dirishani nikiwapungia watu wa Temeke kama waziri anayekwenda kufungua kiwanda.

Shangazi alitupokea kwa vigelegele. Mwalimu akamwamkia, na kwa mara ya kwanza shikamoo yake ikampata mwenyewe.

"Marahaba, mwanangu," shangazi akasema, akimpandisha kwa macho. "Kwenu mnalalia vitanda vya namna gani?"

Chini ya mpapai alikuwa amefungwa jogoo mwekundu, mnene, aliyetengwa kwa ajili yetu. Binti wa Mwalimu alichuchumaa mbele yake akawa anazungumza naye kwa lugha yao. Sisi tulidhani anacheza. Shangazi alipotoka jikoni na kisu, mtoto amesimama, kamba iko mkononi, na jogoo anakatiza uwanja bila haraka.

"Anakwenda nyumbani," akatueleza, akijivunia Kiswahili chake.

Tukaanza kumkimbiza. Baba alivua viatu. Mwalimu aliingia kwenye mihogo na miguu yake mirefu, akatokea upande wa pili na majani kichwani, mikono mitupu. Jogoo akarukia paa la makuti la jirani. Mwalimu hakuhitaji ngazi, alinyoosha mkono tu, lakini kila akizunguka upande huu, jogoo alikuwa anamchungulia kutoka upande ule. Majirani walitoka na vigoda vyao. Wengine walimshangilia Mwalimu, wengi walimshangilia jogoo.

Baba alitazama saa. "Dada, tule mihogo tu, tuondoke."

"Wageni wangu wale mihogo mitupu? Nitaitwaje hapa Mbagala?"

Aliyemaliza kazi ni yule mama mwenye haya. Aliomba kanga ya shangazi, akamsubiri jogoo ashuke, akamrushia na kumkumbatia kwa mpigo mmoja. Kumbe alikulia shambani, kuku anawajua. Uwanja mzima ulipiga makofi, naye akawa mwekundu kuliko jogoo. Ndipo binti yake akaangua kilio. Hakulia kwa kudeka. Alilia kwa uchungu, kamasi na yote, ameshika gauni la mama yake.

Shangazi alimtazama mtoto, akatazama kisu, akashusha pumzi.

"Basi, asichinjwe. Nyama hiyo itapita koo gani, mtoto akilia hivi?"

Akaenda kwa jirani kuomba papa mkavu, akaanza upya, kukuna nazi na kuchochea kuni. Tulikula wali na papa wa nazi saa tisa, na ulikuwa mtamu kiasi kwamba baba peke yake ndiye aliyekumbuka sheria.

"Sasa tunarudije?" akauliza. Kesho yake Mwalimu alikuwa na kipindi cha asubuhi.

Mwalimu alifikiri kifundi. "Sheria inakataza kuendesha gari. Haikatazi kusukuma."

Basi tukasukuma. Mkewe alishika usukani, sisi tukawa nyuma, pamoja na nusu ya wale majirani wa vigoda. Tulifika Barabara ya Kilwa tukiwa tumelowa jasho. Hapo askari mmoja aliyekuwa juu ya baiskeli akashuka.

"Mzee, gari hili linakwenda wapi?"

"Shikamoo," Mwalimu akasema. "Haliendi. Tunalipeleka."

"Mwenye usukani ni nani?"

"Mke wangu."

"Basi huyo anaendesha."

"Lakini injini imezimwa, afande," baba akadakia. Nadhani ndiyo siku pekee aliyobishana na serikali.

Askari alizunguka gari, akaweka kiganja kwenye boneti. Ilikuwa baridi. "Mnalipeleka wapi?"

"Kinondoni."

Alicheka mpaka akavua kofia. "Nendeni. Mkifika Mtoni mtakuwa mmeshajihukumu wenyewe."

Hatukufika Mtoni. Kilima cha kwanza tu kilitushinda, tukageuza, na askari akaegesha baiskeli akatusaidia kulirudisha.

Tulilala kwa shangazi, wanawake na watoto kwenye mikeka chumbani, wanaume barazani. Shangazi na mke wa Mwalimu hawakuwa na lugha moja ya kutosha, lakini usingizi uliponichukua bado walikuwa wanaigizana namna jogoo alivyokuwa anachungulia, wakicheka hadi kukohoa. Alfajiri tuliondoka, na Mwalimu akapitiliza kufundisha na suruali ile ile ya mihogo.

Siku chache baadaye yule mama alimwambia mama yangu kutoka ng'ambo ya michongoma, polepole, akitafuta maneno: "Tangu tufike, nilikuwa sijacheka." Mama akampa mchicha.

Baada ya hapo mke wa Mwalimu alianza kupanda basi peke yake kwenda Mbagala. Shangazi alimfundisha kusuka ukili na kukuna nazi. Kiswahili chake kikawa cha watu wa kusini kabisa, na Mwalimu, pamoja na vitabu vyake vyote, akawa anamuuliza mkewe maneno. Shangazi naye akazoea kuja Kinondoni. Siku moja tulimwona anapita mlango wetu na kapu la maembe, moja kwa moja hadi nyumba ya pili.

"Wifi!" mama akamwita. "Na sie je?"

"Nyie ndugu, mpo tu," shangazi akajibu bila kusimama. "Mie nimekuja kwa mwanangu."