Mikono ya Mkunga

Samaki haguswi kwa mkono mkavu. Hiyo ndiyo sheria aliyojiwekea mwanamke waliyemwita Mkunga, na hakuivunja ila mara moja.

Alifanya kazi kwenye kituo cha umeme, pale pampu zinapovuta maji ya mto kwenda kupoza mitambo. Maji huja na takataka, takataka huja na samaki, na vyote hunasa kwenye wavu wa chuma. Wenzake walikomba kila kitu kwa koleo wakatupa jalalani. Yeye alilowesha mikono, akawapokea samaki kama vichanga, akawarudisha mtoni mbali na mvuto wa pampu. Ndipo alipopata jina.

"Mkunga, leo umezalisha wangapi?" fundi wa pampu alimtania.

"Wengi kuliko akili zako. Sogea, utanikanyagia mgonjwa!"

Lakini maji yale yalikuwa na baridi ya kupenya mfupani. Vidole vikaanza kuvimba, daktari akaagiza glavu nene za mpira. Mumewe akazinunua siku ileile.

"Vaa, mama," alimsihi. "Mikono hiyo ndiyo inayomsuka mjukuu wetu. Samaki hawatakuja kumsuka."

Akavaa. Asubuhi nzima hakusikia maumivu, hata akaimba. Alipozivua, akaona magamba yamegandia kwenye vipele vya mpira, yanang'aa kama shanga. Akakimbilia ukingoni. Wale aliowarudisha walikuwa wakielea ubavu juu. Utelezi wa samaki ndiyo nguo yake. Ukimvua, umemuua hata ukimwachia.

Alilia, kisha akamtupia fundi zile glavu. "Chukua. Wewe hushiki kitu kinachopumua."

Mumewe alinuna. Baada ya hapo, kila jioni alimchemshia maji, akamkanda kidole kimoja kimoja huku akinung'unika: "Kichwa kigumu kama wavu wako." Wala hakukosa hata jioni moja.

Miaka ilipita. Kituo kikajenga mfereji unaotelezesha samaki hadi mtoni bila kuguswa na mtu. Mkunga alisimama kuutazama, akacheka hadi machozi.

Jumapili iliyofuata mjukuu aliketi miguuni pake. "Bibi, nisuke." Mkunga akashika kitana, kikaanguka. Akakishika tena, kikaanguka.

Watu hupenda kusifu huruma isiyowagharimu kitu. Ya Mkunga ilikuwa na bei: vidole vyake havikunyooka tena, na mjukuu wake husukwa na jirani.