Mama Nnakuja, Usinimalizie Ukoko

Kila anayeingia nyumba ile ya Wete ananiuliza swali lile lile. "Kwani huwezi kuwapigia simu wenyewe wakakufungulia?"

Wenyewe nani? Wenyewe ndio sisi, mie na shoga yangu! Hakuna kampuni, hakuna ofisi, hakuna kijana wa huduma kwa wateja wa kuniambia nisubiri kwenye laini. Kompyuta ni yetu, tumeinunua wenyewe, tumeipanga wenyewe, imekaa juu ya kabati la mama yake huyo shoga, haizidi kiganja changu. Na imefungwa. Nikishaeleza hivyo mtu ananitazama kwa huruma, kisha anasema, "Lakini hebu jaribu kuwapigia." Wallahi kuna siku nitalia mbele za watu.

Shoga yangu nilisoma naye toka darasa la kwanza. Aliolewa Maskati, mie nikabaki Chake nikisomesha kompyuta skuli ya sekondari. Mwaka mmoja mimba yake iliharibika, akamrekodia mama yake ujumbe wa sauti akilia, akautuma kwenye simu ya binamu yao ili mama asikilizishwe, kwa sababu mama haoni vizuri na simu za kugusagusa hazimudu. Ujumbe ukasambazwa. Mie nilikuwa sokoni Chake nachagua majimbi, mwanamke nisiyemjua ananipa pole ya shoga yangu. Mama mwenyewe alikuwa bado hajausikia!

Shoga yangu hakugombana na mtu. Aliniambia tu, "Nataka nikizungumza na mama yangu, asikie mama yangu. Weye si ndiye fundi? Fanya."

Nikafanya. Alipokuja likizo nilikuwa nimeshapata kompyuta mbili ndogo, moja kwangu Chake ya kupitishia tu, moja kwa mama yake. Maneno yanafungwa ndani ya simu ya shoga yangu kabla hayajatoka, yanapita njiani yakiwa yamefungwa, yanafunguliwa yakishafika nyumbani kwa anayehusika. Hapa kati hakuna anayesikia. Simu yake niliipanga ijifute kila ujumbe ukifika. Nakala ya akiba hatukuweka, kwa makusudi, sauti zikae pahala pamoja tu, kwa mama. Tulijiona mahodari kweli kweli.

Mama nikamfungia kitufe kimoja kikubwa chekundu. Akikibonyeza, anamsikia mwanawe. Asubuhi akishakunywa chai anakaa kitako karibu na kabati na kubonyeza. Mpya zikiisha anarudia za zamani. Yule bibi alikuwa akicheka peke yake chumbani mpaka majirani wakaulizana.

Likabaki neno la siri la kuifungulia kompyuta yenyewe, pale inapozimwa na kuwashwa upya; umeme ukikatika angeliandika mwenyewe kwa simu, kutoka kule kule Maskati. Mie ndiye niliyemwambia asichague jina wala tarehe, achague sentensi ndefu ambayo mtu hawezi kuibahatisha. Akaiandika mwenyewe, mie nimegeuza uso kwa adabu. Baadaye akaniambia huku anacheka: "Nimeweka ule ukelele wangu wa kutoka skuli."

Nani asiyeujua? Alikuwa akifika kwenye kona ya nyumba yao anapiga yowe, mtaa mzima unasikia: Mama nnakuja, usinimalizie ukoko! Mama yake alikuwa akipenda ukoko wa wali kama yeye, wakigombea chungu kila mchana. Tukacheka, nikamwambia hiyo hata mwizi wa Ulaya hataipata. Na kweli, hajaipata. Wala mie sijaipata.

Maana alirudi Maskati, akaugua kule, maradhi hayakuchukua muda, akafa, akazikwa kule kule. Mama hakuuona uso wa mwanawe wala hakulishika jeneza. Kilichobaki mkononi mwake ni kile kitufe chekundu.

Siku ya hitma, kisomo cha kumwombea marehemu, nyumba imejaa, watu hawana pa kukanyaga. Shangazi yao akataka kuchemsha maji ya chai, akaingia chumbani na jagi la umeme, akatazama ukutani, akachomoa waya wa kwanza aliouona. Nilipomkuta jagi linachemka na kompyuta imezima. Nikasema, "Shangazi! Umefanya nini?" Akanijibu, "Chai ya watu, mwanangu. Kwani kile kidude kinakunywa umeme wa nini saa hizi?"

Nilitoka nje nikakaa na viatu vya watu. Kwenye hitma hugombi.

Nilirudi siku ya pili na kibodi na kioo kidogo cha kompyuta, roho imetulia kabisa. Sentensi si naijua? Nikaandika. Imekataa. Nikaandika tena polepole. Imekataa.

Hapo ndipo kilipoanza kiini macho. Sisi tunasema maneno haya, hatuyaandiki! Skuli tulifundishwa kuandika ninakuja, lakini nani Pemba anasema ninakuja? Tunasema nnakuja. Sasa aliandika n mbili? Au n moja? Au n, kisha kile kialama cha juu, kisha n nyingine? Usinimalizie, au sinimalizie, kama tulivyokuwa tukisema hasa? Na ukoko, kwao waliuita ukoko, kwetu utandu, na yeye akila kwetu alisema utandu. Mama kwa herufi kubwa au ndogo? Mkato upo? Alama ya mshangao ipo? Na unapoandika huoni kitu, hata nukta; unaandika kizani. Kidole kikiteleza hujui kama umekosea sentensi au umekosea kidole. Ukikosea mara kadhaa inanuna, inakungojesha, kisha inauliza tena kwa upole ule ule. Upole ule unaniudhi kuliko kitu chochote.

Shoga yangu angekuwa hai ningempigia makelele. Msichana aliyekuwa wa kwanza wa Kiswahili darasani, leo ananiachia fumbo la n ngapi!

Wakati mmoja nilifika nikamkuta fundi simu kakaa na kompyuta mapajani, shangazi kamleta ili kufuta makosa yake. Fundi ananiambia, "Hii rahisi, Ustadhati, naipiga flashi, yaliyomo yote yanafutika, baada ya muda mfupi inawaka mpya." Mpya! Nilimpokonya mbele ya watu wazima. "Ukiipiga flashi umemuua mara ya pili," nikamwambia. Shangazi akasema mie nina kiburi cha kusoma. Ala! Kiburi kipi? Nimekwama mbele ya wali ulioungua.

Mwezi baada ya mwezi natoka Chake nakwenda Wete. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu. Leo itafunguka?" "Inshallah." Nakaa kitako, naandika, nanong'ona kila namna ninayoijaribu ili nisiirudie. Yeye ameuweka mkono juu ya kitufe. Nikishindwa nafunga mkoba, naye ananipa mkate wa mofa nikale njiani.

Siku moja nilikuwa nanong'ona hivyo hivyo, akanizuia. "Siyo hivyo."

Nikageuka. "Siyo vipi, mama?"

"Weye unaisema kama unasoma habari. Yeye alikuwa akivuta hapa mwanzo, Mamaa, halafu nnakuja anaibana puani, halafu mwisho anapanda."

Nikashtuka, nikafikiri, a mbili! Huenda ameandika a mbili! Nikavamia kibodi. Akanishika mkono, na mkono wake una nguvu yule bibi.

"Usiandike. Sema."

Nikasema. Akatikisa kichwa. Nikasema tena, nikavuta pale aliponiambia nivute, nikabana, nikapandisha mwisho. Mie na yule marehemu tumekua pamoja, lafudhi ni moja, koo zimepiga yowe kwenye kona ile ile. Mara ya tatu ikatoka.

"Njoo, mwanangu," akaitika, kwa sauti ya mtu aliye jikoni. "Sijaugusa. Njoo ule."

Alikuwa anatabasamu. Hakuniuliza kama imefunguka. Aliomba niseme tena, nikasema, akaitika tena, na tangu siku hiyo nikifika hataki hata nichomeke kibodi. Anataka nikae karibu yake nipige ukelele. Jamaa wote wanaona nimefanya jambo kubwa, shangazi ananibusu mikono, wanasema alhamdulillahi bibi ametulia.

Mie sijatulia. Nasema vile anavyotaka, namtazama anavyofurahi, na moyo unanichoma. Sauti ile ni yangu. Mie nataka ya shoga yangu.