Bega la Winchi

Kwa miaka thelathini na moja mume wa fundi mapazia alihamisha samani za watu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Winchi. Kabati la milango minne, jokofu, piano ya shule, yeye aliweka bega, akavuta pumzi, kitu kikaenda. Hata pete ya ndoa, mkewe alipenda kuwatania wageni, alimvisha kwa kusukuma kama anayeingiza kochi mlangoni.

Sasa kifua chake kilikuwa kimepasuliwa na kushonwa, na daktari alikuwa amesema maneno machache tu: asisukume tena kitu chochote kizito kuliko kiti. Winchi aliitikia kwa adabu, mikono magotini. Mkewe alimtazama, akajua. Mtu huyu akikubali jambo hulibishia kwanza. Akiwa na adabu namna ile, basi ameshakataa.

Na kitu cha kusukuma kilikuwepo nyumbani. Karavani yao, chumba kimoja juu ya magurudumu, chenye kitanda, jiko la gesi na mapazia ya njano aliyoyashona mke mwenyewe, ilikaa ua wa nyuma. Mara mbili kwa mwaka waliifunga kwenye gari wakaenda kupumzika kando ya ziwa. Lakini gari halikuweza kufika kule uani. Kichochoro kilikuwa kati ya ukuta wa jikoni na ukuta wa jirani, na karavani ikipita, kila upande ilibaki nafasi ya kiganja. Kwa hiyo ilitoka kwa bega, ikarudi kwa bega.

Kuirudisha walikuwa na utaratibu wao. Winchi alisimama mbele, kwenye chuma kinachofungwa garini, akisukuma. Mkewe alisimama nyuma kabisa, karibu na ukuta wa mwisho. Hawakuonana. Kuitana nako kulikuwa mwiko, maana jirani ni mwoka mikate, analala mchana. Basi mke aligonga bodi kwa kiganja: mara mbili, endelea; mara moja, simama. Miaka yote hiyo Winchi hakuwahi kuchelewa kusimama hata mara moja, na mkewe alikuwa akimsifu kwamba ana masikio ya paka.

Binti yao ndiye aliyeleta mashine. Alikuja na fundi na vibarua wawili, wakaitoa karavani hadi barabarani, na chini yake fundi akafunga mota mbili, kila moja na rola ya chuma ya kubana tairi. Kisha akampa Winchi rimoti yenye mishale.

"Mzee, bana rola kwanza, halafu achia breki ya mkono. Bonyeza mshale, inakwenda. Ukiachia kidole, inasimama palepale. Hata ikikudondoka, inasimama."

"Kwa hiyo kazi yangu ni kidole," Winchi alisema.

"Ndiyo, mzee. Kidole tu."

Binti alicheka. Mama yake hakucheka, kwa kuwa alikuwa ameuona uso wa mumewe.

Walipoondoka wageni, wawili hao walianza kuirudisha. Winchi akasimama palepale pake pa zamani, mbele, hatua mbili kutoka kwenye chuma. Mkewe naye akapitia jikoni, akatoka mlango wa nyuma, akaenda palepale pake, mgongo ukitazama ukuta. Akagonga mara mbili. Mota zikaanza kusaga, na karavani ikaja taratibu, kwa heshima zote. Asikwambie mtu, ilikuwa raha kuiona ikijisukuma yenyewe.

Ilipobaki hatua moja, akagonga mara moja.

Karavani iliendelea kuja. Akagonga tena, kwa nguvu. Ikaja. Alitaka kutoka pembeni, lakini mapipa ya maji yalikuwa upande huu na ngazi upande ule, maana miaka yote hakuwahi kuhitaji kukimbia pale. Ukuta ukamgusa mgongoni. Bodi ikamgusa kifuani. Mbele ya macho yake, nyuma ya kioo, yakaning'inia mapazia yake ya njano.

"Baba! Simama!" akamwita mumewe kwa sauti.

Kitu kikaanguka kwenye zege kule mbele, na mota zikanyamaza hapohapo. Akabaki amebanwa, anapumua kidogo kidogo. Kisha akasikia viatu vikikimbia jikoni, kiti kikipinduka, mlango ukifunguliwa. Winchi akatokea akiwa mweupe midomoni, akarusha ngazi huko, akajipenyeza kwenye kona na kuweka bega. Alisukuma huku akiguna mpaka mishipa ikamsimama shingoni. Karavani haikusogea hata unywele, rola zilikuwa zimeishika. Mkewe akajipenyeza ubavu mbele, pale ilipokuwa ngazi, akatoka.

"Kuna nini huko?" mwoka mikate akauliza akichungulia juu ya ukuta, nywele zimesimama.

"Lala tu, jirani," mke akamjibu.

Jikoni, Winchi alikunywa maji glasi mbili. Bega lilikuwa limechubuka, na alilishika kama mtu aliyeshika medali.

"Umeona?" akasema. "Rimoti, rimoti! Bila hili bega leo ingekuwa habari nyingine."

Mkewe alikuwa anaokota kiti. Angeweza kunyamaza. Moyo wake ulitamani kunyamaza, amwachie mzee bega lake siku moja zaidi. Lakini akinyamaza, safari ijayo bega litarudi kazini, na siku hiyo atamwokota chini kama alivyookota kile kiti.

"Baba," akasema, "ilikuwa imeshasimama. Ilisimama ulipoitupa rimoti, kabla hujafika hata jikoni."

Winchi aliweka glasi mezani.

"Najua," akasema. "Nilisikia mota zimekufa. Lakini ningesimama tu nikutazame?"

Mke akavuta kiti akaketi karibu yake. Akamshika mkono.

"Kugonga hukusikia?" akauliza baadaye.

"Sijawahi kukusikia, mama. Na kelele za zile tairi, nani angesikia? Nilikuwa napata mshindo wako hapa." Akagusa bega. "Ulikuwa unapita kwenye bodi unakuja hapa."

Kesho yake waliitoa karavani hadi nusu ya kichochoro, wakaanza upya. Safari hii mke ndiye aliyekaa mbele na rimoti. Winchi alisimama juu ya kidato cha mlango wa nyuma wa jikoni, ambako hakuna kinachoweza kumbana, akanyoosha mkono mpaka kwenye bodi. Mke akabandika kiganja upande wake, akasubiri.

Mara mbili. Zilimfikia kiganjani kabla ya sikioni, akabonyeza. Mota zikaanza kusaga, hakusikia tena kitu kingine, akatembea na karavani yake polepole huku bodi ikimtetemesha kiganja.

Kisha mara moja, ndani ya mfupa. Akaachia.